Mwongozo kwa Mhadhiri Mgeni Pajulu
Namna ya kutia utafiti darasani bila kumwamsha mtu

Hongera kwa shahada ya uzamivu, na pole kwa safari. Basi la Kampala hukesha njiani, huvuka Mto Nile pale Pakwach, na alfajiri hukushusha Arua na sanduku la nguo, sanduku la vitabu na barua ya ajira inayosema utafundisha "kwa kuzingatia utafiti". Chumba umepata Pajulu, ambayo tangu Julai 2020 ni sehemu ya Jiji la Arua, ingawa mihogo bado haijaarifiwa.

Hayo maneno matatu ya barua ndiyo hatari yenyewe. Wengi wamefikia pensheni salama salimini kwa kuyasoma tu. Wachache waliojaribu kuyatekeleza walipoteza usingizi, wikiendi na viatu. Mwongozo huu umeandikwa ili usiwe mmoja wao.

1. Mtaje Humboldt, mfiche Hattie

Hotuba yako ya kwanza ianzie Berlin, mwaka 1810, kwa Wilhelm von Humboldt, aliyetaka mwalimu na mwanafunzi watafute pamoja jambo ambalo hakuna kati yao aliyekwisha kulijua. Wakubwa watatikisa vichwa kwa kuridhika. Humboldt hana madhara: alifariki 1835 na hawezi kuja kukagua.

Wa kufichwa ni John Hattie na Herbert Marsh. Mwaka 1996 walijumlisha tafiti 58 zilizopima kama mtafiti hodari ndiye pia mwalimu hodari. Uhusiano waliouona ulikuwa 0.06, yaani karibu na sifuri. Mtu mwenye nia mbaya atakwambia maana yake ni kwamba utafiti wa mhadhiri haumfikii mwanafunzi kwa sababu tu wote wawili wanaingia jengo moja. Lazima mtu autengenezee njia, kwa kazi za darasa, kwa maswali na kwa miguu.

Wewe itumie takwimu hiyo kwa busara zaidi. Kama huandiki makala, onyesha 0.06: utafiti hausaidii ufundishaji. Kama huandai vipindi, mtaje Humboldt: utafiti ndio ufundishaji. Kama hufanyi lolote kati ya hayo mawili, omba uenyekiti wa kamati.

2. Mfano utoke mbali

Ukifundisha magonjwa ya kuambukiza, siku moja utakifikia kirusi cha West Nile. Slaidi iliyo salama ni ya New York, 1999: kunguru wanaanguka, wagonjwa wa Queens wanalazwa, wataalamu wamevaa glavu. Ikomee hapo.

Usithubutu kurudi nyuma hadi 1937. Mwaka huo watafiti wa taasisi ya homa ya manjano ya Entebbe, waliogharamiwa na wakfu wa Rockefeller, walikuwa wakizunguka wilaya hii, wakati ule ikiitwa West Nile, wakiitafuta homa ya manjano. Wakachukua damu ya mwanamke mmoja wa Omogo mwenye homa. Walichokitafuta hawakukipata, walipata kirusi ambacho hakikuwa kikijulikana, wakakipa jina la wilaya. Omogo hiyo ndiyo Omugo ya leo, wilayani Terego. Boda inakupeleka asubuhi na kukurudisha kabla ya giza.

Ukilitamka hilo, mwanafunzi wa safu ya nyuma atainua kichwa, kwa sababu shangazi yake anauza samaki Omugo. Atauliza kwa nini jina la kwao linajulikana kwa ugonjwa, kama mbu wale bado wapo, na nani anawapima. Mwenzake atauliza ni mara ngapi watafiti hukuta jambo ambalo hawakulifuata. Maswali hayo hayamo katika silabasi, wala majibu yake hayamo katika slaidi. Mwisho wake utaonekana kwenye lango la chuo umebeba mitego ya mbu.

3. Waweke mbali na daftari

Kusini mwa mji iko Hospitali ya Kuluva. Hapo daktari mmisionari Ted Williams alikuwa akiandika habari za wagonjwa wake wa saratani ile ya watoto inayovimbisha taya: nani, umri gani, katoka wapi, lini. Mwaka 1961 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Kampala, alimchukua yeye na mwenzao Cliff Nelson, wakasafiri kwa gari kilomita zipatazo 16,000 hadi Afrika Kusini, wakiuliza hospitali baada ya hospitali ni wapi uvimbe ule unaonekana na wapi hauonekani.

Madaftari yakazaa ramani, na ramani ikazaa swali. Kuanzia 1972 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lenye makao yake Lyon, Ufaransa, lilichukua damu ya watoto wapatao 42,000 wa West Nile, likaihifadhi na kusubiri. Matokeo yalichapishwa mwaka 1978 katika jarida la Nature. Watoto waliokuja kuugua walikuwa na kingamwili nyingi kupita kawaida dhidi ya kirusi cha Epstein-Barr, tena tangu muda mrefu kabla uvimbe haujajitokeza. Ushahidi kwamba kirusi kinaweza kuwa chanzo cha saratani kwa binadamu ulipata nguvu kutokana na vidole na mikono ya watoto wa hapa.

Kisa hiki kina hatari mbili. Ya kwanza ni kwamba kinaanza na daftari na kalamu, vitu ambavyo wanafunzi wako wanavyo. Mwanafunzi wa uuguzi akikisikia, atakwenda mafunzo ya vitendo wodini na kuanza kuhesabu wagonjwa kwa kijiji na kwa mwezi. Ya pili ni hesabu ya umri. Watoto wa 1972 sasa wamepita hamsini. Mmoja wao huenda ni mama wa mwanafunzi wako, na huenda anaikumbuka sindano. Akiulizwa naye atauliza: "Ile damu yetu, mwanangu, ilisema nini?" Itabidi mtu ajibu, kwa Kilugbara na bila slaidi, na mtu aliye karibu ni wewe wa Pajulu.

Kinga yake ni moja: wape fasili ya saratani, na waiandike mara mbili.

4. Nasaba zisomwe, zisiulizwe

John Middleton, Mwingereza, alianza kuishi kati ya Walugbara, wenyeji wa hapa, mwaka 1949, na kitabu chake Lugbara Religion kilitoka 1960. Mhadhiri anayetoka pwani naye hana pa kujificha, kwani huyuhuyu aliyewachunguza Walugbara ndiye aliyewaandika Waswahili katika The World of the Swahili, 1992.

Middleton aliona jambo tamu. Wazee wa Kilugbara wanapotaja mababu hawasomi orodha ya marehemu. Nasaba hupangwa ifanane na ujirani na ugomvi wa leo. Koo zikisogeleana, mababu nao husogeleana. Kileleni wako mashujaa wawili, Jaki na Dribidu, na milima yao miwili, Liru upande wa Koboko na Wati upande wa Terego.

Njia salama ni kutoa fotokopi ya sura moja na kuuliza katika mtihani, "Taja mashujaa wawili wa Walugbara." Alama mbili, hakuna ubishi.

Njia ya hatari ni hii, tunaieleza ili uikwepe. Unawaambia wanafunzi arobaini waende kwao wikiendi. Kila mmoja aandike nasaba ya ukoo wake kutoka kwa wazee wawili wanaokaa mbalimbali, na kutoka kwa shangazi mmoja. Jumatatu karatasi zote zibandikwe ukutani. Zitagongana. Mzee wa Pajulu atakuwa amemweka babu fulani juu ya mwenzake, na yule wa Vurra amewageuza. Shangazi atakuwa ametaja akina mama ambao wazee wote wawili waliwaruka. Darasa litatumia saa ya kwanza kutafuta nani mkweli. Saa ya pili litagundua kwamba kutofautiana kwao ndiko kunakoeleza mambo: nani anapakana na nani, shamba gani linagombewa, ndoa ipi iliunganisha nyumba zipi. Kisha mmoja atafungua tena ile fotokopi na kuuliza mbona kitabu kimejaa sauti za wazee wanaume. Hapo darasa limekuponyoka: uliingia na wasikilizaji arobaini, umetoka na watafiti arobaini.

5. Jifunze kwa yaliyowapata Dar es Salaam

Anayedhani tunatia chumvi na asikie habari za Dar es Salaam. Mwaka 1968 wanahistoria wa chuo kikuu cha huko, wakiwamo John Iliffe na Gilbert Gwassa, walikuwa wakichunguza Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Maandishi yaliyokuwapo yalikuwa kwa sehemu kubwa ya Wajerumani, maafisa na wamisionari. Wakawatuma wanafunzi wa shahada ya kwanza kwenda kusini, katika maeneo ya vita, kuwahoji wazee. Waliokuwa watoto mwaka 1905 sasa walikuwa na miaka sabini hivi. Kuchelewa kidogo kungekuwa kuwazika na ushahidi wao.

Tazama madhara yake. Wanafunzi walirudi na simulizi za njaa, za dawa ya maji, za mashamba ya pamba ya kulazimishwa, majina ya watu na vijito ambayo hayakuwamo katika ripoti yoyote. Kazi zao zikawa hazina ambayo wanahistoria wanaichota mpaka leo. Tena wanaipinga. Waliokuja baadaye walisema maswali ya 1968 yalikuwa yakitafuta taifa moja lililoungana, katika nchi iliyokuwa na miaka saba tu ya uhuru, na kwamba sababu za vita Songea hazikuwa lazima zilezile za Kilwa. Insha ya kawaida ya mwanafunzi haina matatizo kama hayo. Hupewa alama 62, hurundikwa kabatini, na panya huimaliza kabla mtu hajaipinga.

Na jaribu hili West Nile liko mlangoni, kwa sababu hapa nako kulikuwa na maji. Rembe, nabii wa Kikakwa, aliwapa watu maji ya Yakan, nao wakatumaini yatawakinga na risasi. Serikali ya kikoloni ilimuua huko Yei mwaka 1917, na miaka miwili baadaye Walugbara walioyafuata maji yale wakapambana na askari. Mhadhiri mzembe anaweza kuweka mezani kwa siku moja maji ya Kinjeketile wa Ngarambe, nabii wa Maji Maji, na maji ya Rembe, akauliza yanafanana wapi na yanaachana wapi. Kisha awaulize wanafunzi wa Koboko nyumbani kwao Rembe anasimuliwaje: nabii, tapeli, shujaa, au jina linalotajwa kwa sauti ya chini? Usifanye hivyo. Kipindi kitapitiliza muda wa chakula na utalaumiwa jikoni.

6. Shikilia 384

Kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho lazima aandike tasnifu, na hili haliepukiki. Habari njema ni kwamba tasnifu inaweza kuandikwa bila utafiti kupita hata karibu.

Kichwa: "Athari za Kitu Fulani kwa Kitu Kingine: Mfano wa Pajulu." Sura ni tano. Idadi ya wahojiwa isifikiriwe, isomwe katika jedwali la Krejcie na Morgan la 1970, ambalo likipewa watu wengi hujibu 384, iwe unachunguza wauza nyanya au wapiga kura wa bara zima. Mbinu: "Amin (2005)". Mgeni asishtuke. Huyo ni Martin Amin, mwandishi wa kitabu cha mbinu za utafiti kinachotegemewa sana katika vyuo vya Uganda. Yule Amin mwingine, ambaye kila akitajwa Koboko hutajwa, alifariki Jeddah mwaka 2003 bila kuacha jedwali lolote.

Hojaji iwe ya Kiingereza. Mlangoni mwa mhojiwa, mwanafunzi ataigeuza papo hapo kuwa Kilugbara, Kikakwa, Kialur au Kiswahili cha sokoni, kila mmoja kwa namna yake, hasa pale penye "nakubali kwa kiasi". Mwishowe utapata majibu 384 ya maswali 384. Yajumlishe na uchore grafu ya duara.

Sura ya nne usiisome kwa makini. Katika vibanda vya fotokopi huzunguka flashi zenye tasnifu za watangulizi, na kazi ya kubadili "Mbarara" kuwa "Pajulu" hufanywa na kompyuta kwa sekunde. Kompyuta haibadilishi ng'ombe. Ukikutana na wafugaji wa Ankole wanaochunga kando ya Mto Enyau, funga ukurasa na utie sahihi.

Lililo hatari zaidi ni mwanafunzi anayekuja na swali dogo la kweli: kwa nini maji ya kisima cha kwao hubadilika rangi Machi, au mama zake hukopeshana vipi mbegu. Huyo hatahitaji watu 384. Atahitaji nyumba kumi na mbili, miezi mitatu, na msimamizi anayefika kisimani.

7. Usitembee kando ya mto

Katika kingo za mito ya Arua na Koboko kuna vitambaa vidogo vya buluu vyenye kipande cha wavu mweusi, vimesimikwa kwenye vijiti. Wanafunzi wamevipita tangu utotoni. Usiwaulize ni vya nini.

Ukiuliza, itakubidi ueleze malale. Itakubidi ueleze mbung'o wanaokaa mitoni, wanaovutwa na buluu, na ambao watafiti waligundua hutua kwenye kitambaa kidogo vizuri kiasi kwamba kikubwa ni hasara. Kitambaa kimelowekwa dawa, na mbung'o anayekigusa hufa. Majaribio yalianza hapa mwaka 2011, vitambaa 20 kwa kila kilomita ya mto, na mbung'o wakapungua kwa zaidi ya asilimia 90. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale ya aina ya gambiense si tatizo tena la afya ya jamii nchini Uganda.

Ubaya wa kisa hiki ni kwamba somo lote linaonekana kwa macho: swali, kipimo, gharama, matokeo, na mbuzi anayejikuna kwenye kijiti. Mwanafunzi akishaona utafiti umesimama mtoni kwao, kumrudisha kwenye slaidi ni kazi kubwa.

8. Jiandae kuulizwa

Waungwana walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mtafiti huja, na mwenyeji hujaza hojaji. Baada ya mapigano ya 1979 na 1980 watu wengi wa West Nile walikimbilia Sudan na Zaire. Barbara Harrell-Bond aliwafuata waliokuwa Sudan ya kusini, na kitabu chake cha 1986, Imposing Aid, kilisaidia kuzaa taaluma nzima ya masomo ya wakimbizi, yenye kituo chake Oxford. Leo njia imegeuka: Wasudan Kusini wamehifadhiwa Rhino Camp na Imvepi, Wakongo wamehifadhiwa Lobule ya Koboko, na wanafunzi wako wanasoma habari za wakimbizi katika fotokopi, ilhali bibi zao waliwahi kuwa wakimbizi na majirani zao ni wakimbizi.

Kwa hiyo ukipeleka darasa kijijini, mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, atapokea barua yako, ataangalia mhuri, na atakukaribisha kwa heshima. Kisha atauliza: "Daktari, wale wa mwaka jana walituuliza haya haya. Walipata nini?" Majibu yanayokubalika ni matatu: matokeo yako katika jarida, jarida liko mtandaoni, na mtandao hauna malipo isipokuwa bando. Toa kipande cha sabuni, shukuru kwa "awa'difo", panda gari.

Dalili za hatari, na huduma ya kwanza

Licha ya tahadhari zote, huenda utafiti ukaingia darasani kwako. Dalili zake ni hizi. Mwanafunzi anasahihisha slaidi yako, na yuko sahihi. Katika mtihani mmoja anaandika "hili bado halijulikani", kisha anaeleza lingejulikanaje. Wengine wanagombania daftari la maktaba lisilo katika orodha ya vitabu. Mwishoni mwa muhula kundi la wanafunzi linarudi Pajulu kwa hiari, bila posho, kuwasomea wanakijiji walichokipata, na mzee mmoja anasimama kuwaambia walipokosea, nao wanaandika.

Huduma ya kwanza: wanyang'anye daftari, warudishe kwenye sura ya pili ya tasnifu, waambie muda umekwisha. Wengi hupona.

Asiyepona, mfungulie kabati lako. Mwonyeshe ile kazi yako iliyokushinda tangu uzamivu, data zisizokubali kukaa sawa, makala iliyokataliwa mara mbili. Mwambie hujui, na umuulize yeye angeanzia wapi. Akikaa kwenye kiti na kuanza kujibu, mwongozo huu haukufai tena. Mpelekee mhadhiri wa ofisi ya pili. Naye ameletewa barua kama yako.